Nyonga ya Chuma na Chungu cha Wakwe

Jumatatu, 8 Julai 2024

Mimi nina bahati kuliko wanaume wote wa Rungwe Mpya. Naandika bila aibu. Kule Mwanza tulikuwa sita wodini, wote tumebadilishiwa nyonga, na daktari alisimama kitandani kwangu tu. Akasema wale watano wangoje miezi mitatu ndipo wakae kama watu. Lakini Mzee Felisiani wiki nne zinatosha, maana mifupa hii ni ya zamani, ya mihogo na maharage. Wiki nne zinatimia Ijumaa. Jumamosi wakwe wanakuja kumposa Esteri. Nani mwingine amepangiwa mambo vizuri hivyo?

Esteri ni mtoto wa marehemu ndugu yangu Nduwayezu. Nimemlea tangu ana miaka saba. Siku ya mazishi nilimshika mkono nikamwambia: siku yako ikifika, mimi ndiye nitakusemea. Kwetu msemaji wa binti anakaa kwenye kigoda, uso kwa uso na msemaji wa wakwe, chungu cha pombe ya mtama katikati. Kila mmoja ana mheha wake, ule mrija mrefu wa kunywea. Wanavuta pamoja, kimo sawa, ndipo neno linakuwa neno.

Tatizo ni hicho kigoda. Kimo chake ni shubiri moja na nusu. Nyonga ya chuma haitaki kwenda chini hivyo.

Jioni akaja Stanislaus, jirani yangu na binamu yangu, na mkungu wa ndizi wa kumpa pole mgonjwa. Pole gani! Alikiona kigoda kimeegemea ukuta, akakivuta, akakaa. Mbele yangu! Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Mke wangu Pelagia akamletea chai hapohapo kwenye kigoda. Stanislaus akasema nisiwe na wasiwasi, mtu mzima akishindwa wapo wenzake.

Ikumbukwe: nyonga hii niliivunja kwenye mashindano ya baiskeli na huyohuyo Stanislaus, kila mmoja na mikungu minne, mteremko wa mtoni. Nilishinda. Nilifika chini wa kwanza.

Jumanne, 9 Julai

Amekuja Prudence, dada wa mazoezi kutoka Kasulu mjini. Mkongo. Msichana mdogo, mkono kama koleo. Akanipa tena amri zake: nisikunje nne, nisiiname kuokota kitu, goti lisipande juu ya nyonga, nisikae kitu kifupi.

Nikamwambia nimefika Bujumbura, Uvira, Mpanda na Dar es Salaam mara mbili, na kote nimekaa nilivyotaka. Nikamweleza pia ile ya daktari na wiki nne. Akacheka mpaka akashika magongo yangu asianguke. Akasema, "Papa, uko na kichwa nguvu! Nyonga ikitoka kwa fasi yake, tutakurudisha Mwanza kwa nguo ya kulalia, na harusi utaisikia kwa simu."

Wivu wa kitaalamu. Hajawahi kuona mfupa kama huu.

Alipoondoka, na Pelagia yuko kwaya, nikaanza mazoezi yangu mwenyewe. Nikageuza ndoo. Ndoo ni ndefu kuliko kigoda. Mtu mwenye akili anashuka kwa hatua. Mguu nikaunyoosha mbele, nikashuka polepole, nikakaa. Ushindi!

Kuinuka ndiko sikuwa nimekupangia.

Nikakaa juu ya ndoo saa nzima. Mguu mbele, magongo mbali, kuku wananitazama. Aliyenikuta ni nani? Stanislaus. Akaniinua kwapani kama gunia la maharage, akauliza kama nilikuwa natotoa. Kufika saa kumi watu wa kisimani walikuwa wanauliza vifaranga wangapi.

Jumatano, 10 Julai

Kama mimi siwezi kushuka kwenye chungu, pombe ipande kwangu! Wazo lilinijia nikiwa nakunywa chai. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, wengine wamemaliza na hawana hili.

Nikaunganisha miheha mitatu kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, nikavifunga kwa uzi. Ukawa mrefu kama fimbo ya kuangulia maparachichi. Nikasimama kwenye magongo, sufuria ya uji chini, nikajaribu. Nikavuta. Upepo. Nikavuta tena mpaka macho yakataka kutoka. Mara ya tatu uji ukaja wote kwa pamoja, wa moto, una ladha ya barabara ya Makere. Nilikohoa mpaka Pelagia akatoka jikoni na mwiko.

Akasema wakwe wakiniona nimesimama wima na bomba mdomoni watadhani nawapulizia dawa ya nyanya. Akasema tumpe tu Stanislaus. Mke wangu mwenyewe, miaka thelathini na nane!

Halafu akaja Esteri. Akakaa miguuni kwangu, akasema, "Baba mkubwa, asemee Stanislaus tu. Mimi nataka upone." Nikamwambia Stanislaus akisimama kusema atasimulia ng'ombe wake na jino lake la dhahabu, wakwe wataondoka hawajui kama aliyeposwa ni yeye. Esteri akacheka, lakini macho yalikuwa chini. Anakumbuka ahadi. Namjua.

Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi leo, umeniingia machoni.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata! Na jibu nilikuwa nalikalia kila asubuhi.

Salumu fundi seremala alinitengenezea kiti cha choo kwa vipimo vya Prudence. Mninga mtupu, mikono miwili, kimo kizuri, tundu la duara katikati. Kinakaa juu ya shimo la choo nami nakaa juu yake kama jaji. Nyonga haijawahi kulalamika humo.

Basi: Jumamosi alfajiri kinasuguliwa kwa sabuni na jivu, kinaanikwa juani. Juu ya tundu kipande cha ubao. Juu ya ubao mto. Juu ya mto kitenge kipya cha Pelagia, kinaning'inia mpaka chini. Hapo mimi. Chungu kinapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Na msemaji wa wakwe naye anapandishwa: kigoda chake juu ya kreti mbili za soda. Wote tumepanda, kimo sawa, mila haijavunjwa hata kidogo!

Salumu ameapa kutosema. Pelagia alikitazama kitenge chake, kisha akakitazama kiti. Nimechukulia kuwa ni ndiyo.

Ijumaa, 12 Julai

Wiki nne zimetimia leo. Nyonga inauma kidogo. Ni furaha.

Nyumba nzima inaficha vitu. Siku ya chungu, kitu atakachokiomba mzee wa wakwe kabla pombe haijaisha hukatai, ukikataa umewaambia hamtoshi. Mwaka juzi Stanislaus alipoteza redio yake hivyo, na ilikuwa imewaka, na mpira ulikuwa unaendelea. Pelagia amepeleka kwa dada yake pasi, thermosi kubwa, mkeka mzuri na jogoo mwekundu. Akaniuliza kama kiti changu nacho tukitafutie kimbilio baada ya hotuba.

Nilicheka mpaka mshono ukanivuta. Nani duniani ataomba kiti cha choo?

Hotuba nimemaliza. Kurasa nne, pande zote mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika alasiri, wameondoka sasa hivi.

Walifika saa tano, watu kumi na wawili kutoka Kumsenga. Msemaji wao ni Mutama Ndayisenga, mutama kwa Kiha ni mzee, naye ni mzee kweli, babu wa kijana, fimbo na kofia ya pama. Mimi nimeketi tayari. Suti. Kitenge kinang'aa. Stanislaus kavaa koti lake jeusi, amesimama karibu mno, kama mchezaji wa akiba anayepasha misuli.

Nikamkaribisha Mutama kwenye kreti zake. Akazitazama. Akauliza kama Rungwe Mpya wageni wanapangwa juu ya chupa kama bidhaa. Kisha akamwita mjukuu, akaletewa kigoda chake mwenyewe alichotoka nacho nyumbani, wajukuu wawili wakamshika huku na huku, wakamshusha. Akakaa. Chini kabisa! Chungu kiko juu ya kinu, juu ya kofia yake. Na mimi niko juu zaidi, namtazama utosini kama mwalimu mkuu.

Wakwe wakatazamana.

Nikatabasamu. Haikusaidia. Mama mmoja wa kwao akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika, kwamba walidhani wanakuja kuomba mke, kumbe wamekuja baraza la chifu. Mwingine akasema kama mlezi anakaa hivi, binti atakaa wapi, juu ya paa? Mutama akanyoosha mikono kwa wajukuu wamwinue. Akasema taratibu, bila hasira, na ndiyo iliyonitisha: "Twende. Hawa hawatutaki."

Nyuma ya pazia nikasikia Esteri anavuta pumzi. Mara moja tu. Kama siku ile ya mazishi.

Stanislaus akaanza kusogea aseme. Hapana! Nikasimama. Magongo, moja, mbili. Nikavuta kitenge. Nikatupa mto. Nikatoa ubao.

Nikasema: mutama wangu, tazama mwenyewe. Hiki si kiti cha uchifu. Hiki ni kiti cha choo changu. Nimekatwa nyonga, nimewekewa chuma, kigoda nimekatazwa, na nimeona aibu kuwaambia. Nilitaka tu nimsemee mtoto wa ndugu yangu, maana nilimwahidi.

Pelagia akajifunika uso kwa khanga. Mutama akasogea na fimbo yake. Akainama, akachungulia tundu. Akanitazama. Akachungulia tena.

"Yampayinka!" akashangaa kwa Kiha, na kicheko kikamtoka mpaka kofia ikaanguka. Watu wote kumi na wawili wakaangua. Yule mama wa baraza la chifu akakaa chini kwenye majani. Mutama akafuta machozi, akasema yeye magoti yamekufa, mwaka wa pili sasa, na chooni kwake anaingia na wajukuu wawili kama mfungwa na askari. Na hakuna aliyewahi kumwambia kuna kitu kama hiki! Akauliza kama anaweza kujaribu.

Ubao ukarudi, mto ukarudi, Mutama akakaa kwenye kiti changu. Akafumba macho.

Basi ikawa hivi: yeye ameketi, mimi nimesimama, na chungu kinamfika yeye kifuani, mimi kiunoni. Nikaomba mheha wangu mrefu. Lakini mikono yote miwili iko kwenye magongo! Pelagia anahangaika, Stanislaus anakohoa. Hapo pazia likafunguka, Esteri akatoka. Bibi harusi hatoki mpaka aitwe, kila mtu anajua. Alitoka. Akashika mheha, akauweka mdomoni mwangu, akaushikilia.

Kurasa nne nikazisahau zote. Nikasema: huyu ni mtoto wetu. Anajua kulima na anajua kucheka. Baba yake angekuwepo angesema vizuri zaidi. Msimpige. Akikosa, mleteni nyumbani tuzungumze. Basi.

Mutama akasema neno limesikika. Tukavuta pamoja. Ladha ya tyubu sikuihisi kabisa.

Ningeacha kuandika hapa. Lakini pombe ilikuwa bado robo chungu. Mutama akapapasa mkono wa kiti, akagonga mninga kwa kidole, akatazama paa la nyumba yangu, akasema kuna kitu kimoja tu anachoomba.

Aliyekibeba mpaka kwenye gari ni Stanislaus. Alikuwa anapiga mluzi.

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi nilisimama mlangoni mwa choo kwa muda mrefu.

Salumu anasema mbao hana, labda wiki ijayo. Nikajaribu ndoo iliyokatwa kitako. Sitaeleza. Pelagia alikuja, na mama wawili wa kwaya, wakiwa na sare.

Padri ametangaza uchumba wa Esteri kanisani. Watu wamepiga vigelegele. Stanislaus akaninong'oneza kuwa hotuba ilikuwa nzuri, hata yeye alilia kidogo. Nikataka kumkumbatia. Ndipo akauliza kama na ndoo nayo nitaiozesha kwa wakwe.

Jumanne, 16 Julai

Prudence amekuja. Ameshajua yote, Kasulu nzima inajua. Nyonga iko kwa fasi yake, anasema, na hajui kwa nini. Akaniapisha kwamba sitatoka nje ya ua mpaka Septemba. Nikaapa, mkono juu.

Sasa mpango. Kigoda cha Mutama wamekisahau hapa uani. Mtu hawezi kukaa na mali ya wakwe, ni lazima irudishwe, na nani wa kuirudisha kama si msemaji? Nitafika Kumsenga na kigoda. Nitakaribishwa. Watapika, wataweka chungu. Na kabla pombe haijaisha, mimi ndiye mgeni, nitapapasa mkono wa kile kiti, nitatazama paa la Mutama, nitaomba kitu kimoja tu.

Stanislaus anasema sithubutu. Sithubutu! Mimi! Kumbe hanijui. Bodaboda nimeshaongea naye, anakuja saa mbili asubuhi Pelagia akiwa shamba. Nitakalia mito miwili, mguu umenyooshwa pembeni, magongo mgongoni kama mwanajeshi. Mteremko wa mtoni nimemwambia asifunge breki sana.

Na lile la daktari wa Mwanza, kwa kuwa humu hasomi mtu: hakusema wiki nne. Alisema miezi mitatu, sawa na wale watano.