Geti la Kanisa Lililovuliwa Rangi

Nkuhungu, Dodoma
14 Julai 2025

Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUZUIA MASHINE INAYOPULIZA MCHANGA

Rejea kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni Sostenes Chidawali, dereva wa lori mstaafu na mzee wa kanisa. Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana nikisimama hasira hunishukia miguuni.

Unaifahamu karakana ya Witness, binti wa marehemu Noeli, inayotazamana na nyumba yangu. Ana mashine inayosukuma upepo kwenye mpira mnene. Upepo unabeba chenga nyeusi, ngumu kuliko mchanga wa mtoni, na chenga zinakipiga chuma mpaka kutu na rangi ya zamani vinapukutika. Chuma kinabaki cheupe, utadhani kimezaliwa asubuhi hiyo. Binti mwenyewe simchukii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Akiwa kazini, Witness huvaa kofia kubwa inayofunika uso na mabega, yenye mpira wake wa kumletea hewa safi. Nimepita mbele yake mara nne bila kupata shikamoo. Baadaye alinifuata nyumbani kuniomba radhi, akasema hasikii kitu humo ndani. Mzee hawezi kuishi kwa shikamoo za baadaye.

2. Vumbi. Siku tatu nimelitafuta kwenye kamba yangu ya nguo sijaliona, kwa sababu kazi yote anaizungushia turubai. Hilo lenyewe linatia shaka.

3. Mashine haina heshima kwa kazi za waliotangulia. Mwezi uliopita Mchungaji alipeleka geti la kanisa likasafishwe. Geti lile lilikuwa na rangi saba, moja juu ya nyingine, na kila rangi ilikuwa na kamati yake, harambee yake na pilau yake. Nilimuuliza Witness kwa upole kwa nini asipake ya nane tukaendelea na maisha. Akanijibu, "Babu, rangi haishiki juu ya kutu. Lazima chuma kiwe safi, tena kiwe na mikwaruzo midogo rangi ipate pa kung'ang'ania. Halafu praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo, kabla kutu haijarudi." Kwa maelezo yake, rangi hiyo itakaa miaka kumi na tano. Je, kamati zitakula nini?

4. Hapa naomba uvae miwani. Geti lile nililileta mimi kwa lori langu kutoka kwa fundi wa Kibaigwa, miaka ishirini na moja iliyopita. Jumapili ile Mchungaji wa wakati huo aliniita mbele, akawaambia waumini, "Mwoneni mtu aliyetupa geti." Watu wakapiga makofi na vigelegele. Sikutaka kukatiza ibada. Tangu hapo nimekaa benchi la mbele, na kwenye misiba napewa kiti chenye mgongo.

Sasa, Alhamisi iliyopita mashine ya Witness ilipofika kwenye bamba la katikati, ilibandua rangi zote saba, ikabandua na puti, ule ujazo wa kuzibia mashimo, ambayo mafundi, nadhani, waliiweka kwa ajili ya urembo. Chini yake yakatokea maandishi yaliyochongwa kwa tindo: SADAKA YA EMILIA NDAHANI, NG'OMBE WAWILI.

Mama Emilia ni yule bibi anayeuza karanga karibu na kisima. Miaka yote amekaa benchi la mwisho, mlangoni. Hakuwahi kusema neno. Nakuuliza Mwenyekiti, mtu anayenyamaza miaka ishirini na moja kisha anatokeza ghafla kwenye geti, hiyo ni haki?

5. Tukinyamaza, balaa litasambaa. Leo ni geti. Kesho watapuliza jiwe la msingi la zahanati, keshokutwa mabango ya ofisi za mjini, na mji wetu huu una ofisi nyingi. Wangapi watabaki na majina yao?

Kwa hiyo naomba mashine iruhusiwe kwa chesesi za malori tu. Kitu kingine chochote kisipulizwe mpaka tangazo libandikwe siku tisini, ili walionufaika na rangi wapate nafasi ya kujieleza. Na geti lipigwe puti kabla ya Jumapili.

Nisalimie mama watoto wako, mtendaji, mabalozi wote na yule karani wako Angelina mwenye mwandiko mzuri.

Ni mimi mkazi wako, mlipa michango,
Sostenes Chidawali

N.B. Nilikuwa nabandika bahasha, Mama Emilia akabisha hodi. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa, akasema, "Baba, yale maandishi yafunikeni. Jana wamenihamishia benchi la mbele, siwezi hata kusinzia. Wamenitia kwenye kamati tatu. Nani aliweka ile puti mwanzo?"

Nikamwambia, "Mimi, Mama. Kwa kijiko cha chai, njiani, kabla sijafika kanisani." Mwenyekiti, sijawahi kumwambia mtu. Nilisubiri anilaani.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nilijua. Nani mwingine alikuwa na geti safari nzima? Basi kazi unaijua, njoo uijaze tena."

Nimekataa. Nimemwambia avumilie benchi kama nilivyolivumilia mimi. Ameondoka amenuna.

Barua hii ichane. Witness amemaliza kupaka rangi, na maandishi ameyaacha yasomeke. Jumamosi nitalining'iniza geti kwa mikono yangu, na Jumapili nitakaa mlangoni. Nasikia kule kuna upepo mzuri.