Wadudu Mia na Hamsini wa Ibra

Jumapili, 9 Novemba
Mradi wa mwaka wa mwisho umeanza rasmi. Swali la utafiti: je, karafuu huzuia wadudu wa tende? Chupa thelathini, kila moja ina tende kumi na wadudu watano hai. Chupa kumi zina karafuu, kumi mdalasini, kumi hazina kitu. Nisipowasilisha matokeo Jumapili ijayo, sihitimu mwaka huu. Msimamizi wangu, Dkt. Hood, amelisema hilo bila kutabasamu. Maabara ya chuo hapa Nizwa imejaa panzi wa Kaltham, mwanafunzi mwenzangu. Amenitangazia mbele za watu kwamba yeye anafanya sayansi, mimi napanga kabati. Chupa nitazihifadhi stoo kwa Bibi, Ibra: giza, joto la kutosha, hakuna wapinzani. Mpango usio na dosari!

Jumatatu, 10 Novemba
Chupa zimefika salama. Nilimwamkia Bibi, nikamwomba zisiguswe. Akaitikia marahaba, akauliza mbona nimekonda. Habari za wadudu sikumwambia. Maelezo mengi huharibu majaribio.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimerudi Ibra kuhesabu. Chupa zinang'aa! Tende nono. Wadudu: sifuri. Bibi akanieleza kwa huruma kwamba huko Nizwa nimeuziwa tende mbovu, maskini mjukuu wake, nami nimeona haya kusema. Zote kawapa mbuzi wa jirani. Chupa kaziosha, kazijaza tende zake mwenyewe. Na karafuu? Kazitia kwenye kahawa ya wageni kutoka Mudhaibi, nao wameisifu sana. Nilitaka kulia. Akaniongezea wali. Nikala.

Jumapili, 16 Novemba
Nimewasilisha. Sifuri nayo ni takwimu. Nilithibitisha kwa jedwali kwamba karafuu huangamiza wadudu wote. Dkt. Hood akauliza kuhusu chupa zisizo na kitu. Nikajibu kwamba humo pia wameangamia, pengine kwa kuvuta harufu ya jirani. Akauliza maiti zao ziko wapi.
Swali la maiti sikulitarajia.
Nikakiri yote. Kaltham alicheka mpaka akakaa chini. Akaniita Bwana Profesa, akasema nimegundua dawa kali kuliko karafuu, nayo ni Bibi yangu. Dkt. Hood akavua miwani, akafuta macho, akasema hata marehemu bibi yake asingeziacha chupa hizo bila kuziosha. Kaniongezea siku saba. Kaltham akasogeza panzi wake, akanipa rafu nzima ya maabara. Ukarimu wa ghafla hivi unatia shaka.

Jumatatu, 17 Novemba
Rafu nimeikataa kwa adabu. Chupa nimezijaza upya, tende na wadudu hai. Nimepata mahali bora: Sur, kwa Shangazi Khole. Ijumaa anamwoza binti yake, wageni mia mbili. Hakuna atakayekuwa na wakati wa kushughulika na chupa zangu. Sikumweleza mtu. Nimezipanga jikoni, katikati ya tende za harusi, zisije zikaonekana.