Kisu cha Kumwonyesha Hilkka

Jumatatu, 9 Septemba
Ukungu ziwani tangu asubuhi. Nimeuza pazia moja. Muda uliobaki nimeota macho wazi nyuma ya kaunta.

Kisha habari! Hilkka mwoka mikate, mjane, mwenye sauti ya kumtuliza mbwa mkali, kawatangazia wateja kwamba mpiga makasia wake kahamia kusini. Anatafuta mwenzi wa mashuani, kuvua muikku, wale samaki wadogo wa ziwani, vuli nzima. Jumamosi atafika kibanda cha porini kule Hoikka. Anayetaka amfuate huko, Hilkka amwone akifanya kazi, maana midomoni kila mtu ni mvuvi. Vuli nzima! Sisi wawili, majani mekundu, wavu umejaa visamaki vya fedha! Bahati mbaya Oiva, daktari wa meno, alikuwa foleni nyuma yangu. Kasikia yote.

Jumanne, 10 Septemba
Huku kwetu mtu hutazamwa kiunoni kwanza. Kisu changu ni kutu tupu, nilikuwa nakifungulia makopo ya rangi. Nimekwenda kwa Mzee Kalervo, mfua visu.

Kanishauri nichukue kile kidogo, mpini wa mti wa betula usio na urembo, bapa lisilozidi upana wa kiganja. Kinachonga, kinapasua samaki, kinapaka siagi. Kisu cha porini na cha nyumbani ni kimoja, kasema, na makazi yake ni kiunoni, si kabatini.

Mimi nimekiona kingine. Mpini wenye mabaka ya dhahabu, umepakwa nta, umevishwa pembe nyeupe. Bapa linang'aa hata nikaziona nyusi zangu. Nilipokishika nikasikia, wallahi, maji yakigonga ubavu wa mashua. Nimekichukua. Kalervo kaguna, kasema, kijana, hapo umenunua kioo. Kijana! Nina miaka hamsini na miwili. Wivu wa mafundi.

Alhamisi, 12 Septemba
Oiva kanunua kisu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mpini wa plastiki. Rangi ya chungwa! Nimemhurumia. Kaniuliza changu kinakata nini. Nimemjibu kinakata maneno. Kacheka, kaniambia, haya kaka Taisto, maneno hayawashi jiko.

Nimepata mpango. Natangulia kesho. Hilkka atanikuta mlangoni, moto unawaka nyuma yangu, kisu kiunoni, macho yangu mbali. Desturi ya vibanda hivi vya wasafiri wote naijua: aliyefika mwisho ndiye mwenye haki, aliyekwisha kupumzika humpisha. Lakini nani atamtoa nje mtu mwenye kisu kama hiki?

Ijumaa, 13 Septemba
Nimefika Hoikka. Kimya kitamu. Kando ya jiko nimekuta vijiti vikavu vimechongwa nyuzinyuzi, tayari kwa kiberiti. Ndivyo ilivyo: anayeondoka humchongea ajaye. Mungu ambariki, nimevichoma vyote.

Vingine sijachonga. Makali yangefifia kabla Hilkka hajayaona. Nimekisugua kisu kwa kipande cha pazia la hariri.

Jumamosi, 14 Septemba
Mvua. Nimekaa dirishani nikimwona Hilkka mbele ya mashua, mimi nyuma, hakuna anayesema neno, hakuna haja. Moto ukazimika bila mimi kujua.

Mlango ukafunguka. Hilkka! Kalowa chapachapa, midomo imekuwa ya buluu, vidole havikunjiki. Kauliza vijiti viko wapi. Nimegeuza kiuno aone kisu. Kasema, Taisto, jamani, nakufa kwa baridi, chonga!

Nimechomoa. Nta, jasho la woga, pyu! Kisu kikadumbukia kwenye ufa wa sakafu. Nikalala kifudifudi nikipapasa. Oiva akaingia, maji yanamchuruzika. Akakaa chini na kile kisu cha chungwa, akachonga, chwa, chwa, chwa. Moto ukashika. Hilkka akafumba macho, akamwambia Oiva, Mungu akuweke.

Oiva kaniinulia ubao, kanitolea kisu. Ndipo Hilkka kanikumbusha kwa upole kwamba wao wamefika mwisho na wamelowa, na mimi nimepumzika tangu jana. Ila nisiondoke kabla ya kuchongea wageni wajao. Kaniazima kisu chake kisichoteleza. Nimechonga viwili, vyote vibaya. Nimetembea mvuani hadi barabarani.

Jumapili, 15 Septemba
Mafua. Hilkka kaniletea mkate wa shayiri, kaniambia Oiva ndiye atakayepiga makasia. Imeniuma. Alipotoka nimelia, si kidogo.

Lakini kabla hajatoka alikitazama kisu mezani. Kasema ni kizuri mno, nikitumie. Kizuri mno! Nimeyatafakari maneno hayo mpaka chai ikapoa, na kosa nimeliona. Nilikuwa na kisu kimoja! Mtu hawezi kuonyesha na kuchonga kwa kisu hichohicho. Kesho narudi kwa Kalervo, anacho kikubwa zaidi chenye pete za fedha. Hicho kitakuwa cha kuonyesha, na hiki cha pembe kitakuwa cha kazi. Si mara moja, lakini. Bado kipya.