Mifupa ya Samaki Papa Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Mkurugenzi wa makumbusho ametangaza: atakayeleta mifupa bora ya samaki kufikia Ijumaa ndiye msimamizi wa ukumbi mpya. Miaka tisa nafuta vumbi kwenye makabati ya vioo. Ukumbi huo ni wangu! Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, analeta chewa. Chewa! Mimi nimepata papa, mrefu kama mlango. Nimemkagua. Matundu matano ya matamvua kila upande, wala hayana kifuniko. Ngozi msasa mtupu, imenichubua kiganja. Meno safu nyuma ya safu. Mwenye meno hayo, mifupa yake itakuwaje!

Jumanne, 5 Machi

Nimemwomba mama mkwe sufuria yake kubwa. Nikasema ni kwa ajili ya elimu. Akauliza elimu gani inanuka hivi. Nimempasua papa uani. Ini peke yake limejaza beseni, na mafuta yamefika hadi sebuleni. Mama mkwe kateleza, kaketi chini pu! Amesema, kwa upole wa kutisha, kwamba binti yake alikuwa na wachumba wengine. Nimeomba radhi. Kesho nachemsha.

Jumatano, 6 Machi

Nimechemsha kutwa. Nimefunua. Mifupa iko wapi? Fuvu limekuwa rojorojo. Taya limekatika mkononi. Uti wa mgongo ni rundo la visahani, kama vifungo vya koti. Mbavu hakuna! Nilimshuku paka. Mke wangu asema paka amehama tangu jana, kwa harufu.

Alhamisi, 7 Machi

Sikati tamaa. Nimekwenda buchani, nimerudi na mbavu za mbuzi, miguu ya mbuzi, na gundi. Nimeunga hadi vidole vimegandana. Papa kapendeza!

Ijumaa, 8 Machi

Mkurugenzi alimzunguka papa wangu mara mbili, akauliza mbona ana magoti. Nikasema ni aina adimu. Hapo Miwani, ambaye hakuulizwa, akawaeleza wageni kwamba papa na samaki aitwaye taa hawana mifupa. Mwili wao unashikiliwa na gegedu, na kila mtu ashike sikio lake ahisi gegedu lilivyo. Ukumbi mzima ukashika masikio! Mkurugenzi naye! Mimi sikushika. Nina msimamo wangu. Ukumbi kapewa Miwani. Imeniuma sana. Nilijifungia stoo nikalia.

Jumamosi, 9 Machi

Akili imetulia. Kosa nimeliona: papa yule alikuwa bado mchanga, mifupa haijakomaa. Nimeshaagiza papa mzee. Mkurugenzi kanipa kitabu kinene cha samaki wa gegedu, kasema nisikanyage kazini kabla sijakimaliza. Nimefungua ukurasa wa kwanza. Mwandishi anadai papa hana mfupa hata mmoja, awe mdogo au mkubwa.

Maskini, kumbe naye aliuziwa mchanga.