Daktari wa Kompyuta na Kizuizi Kigumu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema tangu asubuhi. Laptopu zote sita zimewaka. Zilitoka kwenye ofisi iliyofungwa, zimechoka, zinafanana kama mapacha, na kila mtu alishazisomea dua ya mwisho. Nimezivua mfumo wake wa zamani uliokuwa mzito kama gunia la chumvi lililolowa, nikazivisha Linux nyepesi. Sasa zinawaka kabla sijamaliza kupiga chafya.

Mkutubi wa maktaba ya mtaa ndiye mwenye laptopu hizo. Ameniahidi chumba cha nyuma cha maktaba: dirisha moja, meza ndefu, soketi nne, mlango wenye kufuli. Kiwe karakana yangu. Sharti ni moja. Jumamosi saa nne wanachama sita watakuja kuandikisha vitabu, kila mmoja akitembea na laptopu mkononi kutoka rafu hadi rafu. Kwa hiyo lazima zishike waifai ya maktaba. Zisiposhika, chumba anapewa fundi simu wa ng'ambo ya barabara, ambaye barua yake ya maombi imo tayari kwenye droo ya Mkutubi. Nimeiona. Ina mwandiko mzuri mno kwa mtu mkweli.

Fundi huyo tunamwita Bwana Uhakika, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kusema "uhakika".

Kwa sasa karakana yangu ni meza ya kulia chakula ya Dada. Ninakaa kwake. Dada ni fundi cherehani na meza hiyo ndiyo anayokatia nguo. Amesema leo, kwa upole ule wake wa hatari, kwamba amekata gauni la bibi harusi sakafuni kwa magoti, na kwamba magoti hayo ni ya marehemu mama yetu aliyemrithisha, si ya kuchezea. Nimemwambia Jumamosi atapata meza yake. Akasema Jumamosi gani, maana zipo nyingi.

Kuhusu waifai: laptopu ya kwanza ilikataa. Kadi yake ya waifai haifanyi kazi mpaka ipewe faili lake dogo, faili linapatikana mtandaoni, na mtandaoni huingii bila kadi. Yaani umeambiwa ufunguo wa nyumba umo ndani ya nyumba. Mtu mwingine angelia. Mimi nikachukua simu ya Dada, nikaiunga kwa waya, nikavuta faili kupitia simu. Dakika mbili baadaye laptopu ikaorodhesha waifai za majirani wote, hata ya yule anayesema hana. Nikaweka faili hilo kwenye flashi, nikazigawia nyingine tano bila hata kuzijaribu. Pacha ni pacha.

Muda uliobaki nimeutumia kwa jambo muhimu zaidi. Lebo! Nimechapisha lebo ngumu zinazong'aa: IMEFUFULIWA NA DAKTARI WA KOMPYUTA, na namba yangu ya simu. Nimebandika kila laptopu moja, ukingo wa mbele, pale mkono wa msomaji unapopumzika. Kila moja ilikuwa na kijitufe kinachojitokeza njiani. Nikakisogeza upande wa pili, lebo ikalala sawa kama shuka la hospitali. Kisha nikazipitishia pasi ya Dada, kwa mbali, ili gundi ishike milele.

Nimekunywa chai vikombe viwili. Nimestahili.

Jumanne, 4 Machi

Nimezipeleka maktaba. Nikazipanga kwenye meza kubwa, nikamwita Mkutubi aje ashuhudie. Nikabonyeza.

Hamna kitu. Zote sita. Si waifai ya maktaba, si ya jirani, hata dalili. Ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, iko ukutani hatua tatu kutoka hapo, inapepesa macho kama inanicheka.

Nimemwambia Mkutubi kwamba mitambo ikihama nyumba hupata ugeni. Mkutubi ni mama mpole, anavaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kututazamia sisi. Akabadilisha miwani. Akasema, sawa mwanangu, ugeni ni siku tatu, na Jumamosi si mbali.

Bwana Uhakika akapita, eti kurudisha kitabu. Akaangalia. Akasema pole kaka, hapo kadi zimekufa, uhakika. Akasema ana kadi za akiba dukani, nikitaka anisaidie. Nikamshukuru kwa meno tu. Mtu akikuletea jembe kabla hujasema unakwenda kuzika, mwangalie mara mbili.

Nimezirudisha nyumbani kwa mkokoteni. Dada alikuwa ameshatandaza kitambaa mezani. Amekikunja upya, pembe kwa pembe, akinitazama. Neno lingekuwa nafuu.

Jioni nimefuta kila kitu na kuweka mfumo upya kwenye zote sita. Faili lipo. Kadi inatambulika, jina lake linasomeka vizuri kabisa. Ila haishiki kitu. Ni kama mwanafunzi anayeitika akiitwa na hafanyi kazi nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua ukweli. Nimeiuliza laptopu kwa amri, yaani kwa kuandika kwenye lile dirisha jeusi la amri kwenye kioo, kadi ina tatizo gani. Ikajibu kwa kifupi. Nimelitafsiri jibu lake hivi:

Kizuizi laini: hakuna.
Kizuizi kigumu: kipo.

Laini ningekiondoa kwa amri moja. Kigumu hakiondoki kwa amri. Maana yake kipo nje ya mashine. Kuna mtu anatuzuia. Na mtu huyo hakai mbali.

Sikutaka kumsingizia mtu bila ushahidi. Nikaenda kupeleleza. Nimeazima maktaba kitabu kikubwa cha magonjwa ya mifugo, nikasimama ng'ambo ya barabara nikisoma, jicho moja kwa ng'ombe, jicho lingine dukani kwa Bwana Uhakika. Chini ya kaunta yake nikaona boksi jeusi. Lina antena. Antena mbili!

Nikavuka. Nikainama kwenye kaunta kama mtu aliyeangusha kitu. Bwana Uhakika akainama naye upande wa pili. Tukaonana uso kwa uso chini kule. Akaniuliza kaka, umepoteza nini. Nikasema kifuniko cha kalamu. Akatafuta kwa bidii. Akatoa lile boksi nje ili apate nafasi, na ndipo nikaona ni redio ya kusikilizia mpira. Akaniwashia. Tukasikiliza kipindi chote cha pili.

Nimetoka pale na kioo kipya cha kulinda simu, ambacho sikukihitaji, ila ilibidi niwe nimekwenda kwa sababu fulani. Amekibandika bila povu hata moja. Lazima nikiri. Uhakika.

Lakini redio pia ni mtambo. Sijamwondoa kwenye orodha.

Alhamisi, 6 Machi

Leo upasuaji. Nimefungua laptopu moja, nikaitoa kadi yenyewe, kidubwasha kisichozidi ukubwa wa biskuti, chenye nyaya mbili nyembamba. Nimesugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Nikaipuliza. Nikairudisha. Nikafunga skrubu kumi na mbili na zikabaki mbili, jambo linaloonyesha kwamba waliotengeneza walizidisha.

Nikauliza tena. Kizuizi kigumu: kipo.

Nikatoka nayo uani. Kipo. Nikaipandisha juu ya tangi la maji. Kipo. Jirani akaniuliza naangalia nini juu kule. Nikasema namtafuta mtu. Akasema nishuke nimtafute chini kama watu wengine.

Dada ameniuliza mbona laptopu hizi zina ukingo unaokwaruza. Lebo moja imevuta uzi kwenye gauni la bibi harusi. Nikamweleza kwamba hiyo si lebo, hiyo ni sahihi ya kazi, na msanii hafuti sahihi. Akasema bibi harusi naye ana sahihi yake, ya kiganja, na akija kuchukua gauni ataniita niipokee.

Hata hivyo, siku imeisha vizuri. Nikiwa juu ya tangi nimepata wazo. Kama mtandao haupiti hewani, upite kwa waya, lakini waya usionekane. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi

Tatizo la kwanza: waya za mtandao ndefu anazo mtu mmoja tu mtaa mzima. Nikavuka barabara. Bwana Uhakika akauliza za kazi gani. Nikasema za kuning'inizia mapazia. Akanitazama kidogo. Kisha akanipa, na kabla hajanipa akazipima moja moja kama zinapitisha mtandao. Nimeshangaa mtu anapimaje waya wa pazia, lakini sikuuliza.

Tatizo la pili: ruta ina matundu manne, laptopu ni sita. Nimeamua mbili zitakuwa zimepumzika.

Tatizo la tatu: Mkutubi anataka watu watembee na laptopu kwenye rafu. Hili nimelimaliza kwa busara. Nitashauri vitabu ndivyo vitembee vije mezani. Vitabu vimekaa miaka mingi, vinahitaji kunyoosha miguu.

Nimeazima kwa Dada kitambaa chake kikubwa cha meza chenye lesi pembeni. Waya zimepita chini yake, zikashuka mguu wa meza, zikaenda nyuma ya rafu ya kamusi hadi kwenye ruta. Safi. Nimesimama mlangoni nikatazama kama mgeni. Sikuona kitu. Laptopu nne zinafungua mtandao vizuri. Mkutubi akapita, akaona, akafurahi, akanipa chai. Aliuliza kitambaa cha nini. Nikasema heshima.

Nimekwenda kuchungulia chumba cha nyuma. Nimepima dirisha kwa shubiri. Meza yangu itakaa kushoto.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike taratibu maana mambo ni mengi.

Saa nne kamili wanachama wakafika, sita. Dada akaja pia, kufuata kitambaa chake, na kuhakikisha kwamba Jumamosi yenyewe ni hii. Bwana Uhakika akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nikatoa hotuba fupi kuhusu vitabu kunyoosha miguu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaona tumevuka.

Kulikuwa na mzee mmoja, karani mstaafu wa posta, mtu wa kufuata maagizo. Mkutubi alishamwagiza wiki iliyopita kwamba atatembea na laptopu. Akainyanyua, akaanza kutembea.

Waya ukakaza. Mzee akadhani laptopu ni nzito, akaongeza nguvu. Kitambaa kikamfuata. Kopo la kalamu likafuata kitambaa. Kisha kamusi nne, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa herufi.

Mkutubi akabadilisha miwani. Akainua pindo la kitambaa, akatazama chini ya meza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaniuliza, mwanangu, hizi waya ni za nini, ikiwa mtandao ni wa hewani. Nikasema za tahadhari. Bwana Uhakika akasema polepole kwamba yeye aliambiwa ni za mapazia. Mtu mmoja akacheka kwa pua.

Mkutubi akaifungua droo. Nikaiona barua. Nikaliona dirisha langu likiondoka, meza ndefu ikiondoka, soketi zote nne.

Dada hakuwa na habari na lolote kati ya hayo. Alikuwa anaokoa lesi yake iliyonaswa kwenye lebo ya laptopu moja. Akanung'unika kwamba lebo hizi zimemkosea mwezi mzima, nami nikakumbuka ni siku tano tu. Akatoa kifumulio, kile kidude chake cha kufumulia mishono, akaibandua lebo kwa ncha, polepole, kama anafumua kola. Kisha akaita: mdogo wangu, hapa kuna kitufe umekibandika. Akakisogeza kwa ukucha ili amalizie gundi.

Kitaa cha buluu kikawaka. Laptopu ikalia ting. Waifai ya maktaba ikatokea kwenye kioo, mistari yote imejaa.

Watu wakaniangalia. Mtu mwerevu hujulikana kwa kasi. Nikasema hiyo ndiyo hatua ya mwisho, nilikuwa nikisubiri tu wote wafike. Nikamwambia Dada aendelee na nyingine.

Akaendelea. Buluu, buluu, buluu. Zote sita. Mzee wa posta akaenda na laptopu yake hadi rafu ya mwisho na kurudi, mkono mmoja hewani kama mtu anayevuka mto bila kulowa. Bwana Uhakika akacheka mpaka akashika ukuta, akasema kaka, sijawahi kuona, uhakika, kisha akaniokotea kamusi zote na kukunja waya zake vizuri.

Mkutubi akafunga droo. Akasema neno ni neno, na laptopu zimeshika. Akanipa ufunguo. Akaomba jambo moja tu: nisibandike tena kitu kwenye laptopu zake.

Dada amekata gauni jingine leo jioni juu ya meza, amesimama wima, anaimba. Amenipa kipande kikubwa cha mkate bila kuombwa.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi tulivu katika karakana yangu mwenyewe. Dirisha liko wazi. Nimepiga mluzi.

Nimetafakari juma zima, kwa kuwa mtu asiyetafakari hajifunzi. Somo ni hili: lile faili la kadi lilihitaji tu siku tano kuzoea mashine. Dada alipogusa, wakati ulikuwa umefika wenyewe. Sijamwambia, asivunjike moyo.

Kazi ya kwanza imeshaingia. Mkutubi ameniletea printa ya maktaba niisafishe vumbi tu, maana inachapa vizuri. Nimeisafisha. Nikakumbuka kwamba alikataza lebo kwenye laptopu. Kuhusu printa hakusema lolote.

Nimechapisha kwa printa hiyohiyo lebo mpya, kubwa zaidi, nikaongeza maneno MTAALAMU WA WAIFAI. Nimeibandika mbele, katikati. Kulikuwa na kitufe kimekaa vibaya, palepale. Nimekisogeza kidogo.

Ajabu ni kwamba tangu saa hiyo printa haichapi. Nimefungua dirisha nikatazama ng'ambo ya barabara. Redio ya Bwana Uhakika imewashwa.