Mjukuu Alicheka Nikiwa Kwenye Foleni

Drumgarvan, Kaunti ya Antrim
3 Agosti

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima zote, na nakuomba uketi kwanza, maana haya hayasomwi mtu akiwa wima. Kusimama nimesimama mimi kwa niaba ya wote.

Mimi ni Wilbert Purdy, mpiga ngoma kubwa kwenye gwaride letu la Julai Kumi na Mbili, la sisi Waprotestanti tunaoshikamana na Uingereza, raia mtiifu wa Mfalme. Sheria yetu huku Ayalandi ya Kaskazini inamruhusu mtu kuwa na pasipoti ya Uingereza, ya Ayalandi, au zote mbili. Mimi ninayo moja, ya Uingereza, ya buluu, na ilikuwa ikinitosha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi Mei tulikwenda Uhispania kumwona mjukuu wetu wa kwanza, Caleb, mtoto wa binti yetu Lorna anayeishi huko. Pale uwanja wa ndege kuna foleni mbili: ya watu wa Umoja wa Ulaya, Ayalandi ikiwemo, inayokwenda kama maji, na ya sisi wengine, tangu Uingereza ijitoe, isiyokwenda. Nikageuka nimwambie mke wangu Norma anishikie koti, simwoni. Kumbe yuko ng'ambo, ananipungia mkono. Na mkononi ana pasipoti ya Ayalandi, rangi ya damu ya mzee.

2. Nilipotoka nje, Lorna alikokuja na mtoto kutupokea, mjukuu alikuwa amekwisha kucheka, kicheko chake cha kwanza duniani. Alimchekea bibi yake, kisha akalala fofofo. "Ungemwona, Wilbert," Norma ananiambia. Ningemwona kwa njia gani? Iliniuma, Ndugu Mhariri, na mpaka leo inaniuma.

3. Nilimkumbusha Norma kwa upole kwamba mshika mawili moja humponyoka. Akanijibu, "Mimi nimeshika mawili, na mjukuu juu yake. Wewe umeshika moja, na foleni."

4. Mwanangu Trevor, mbeba bendera wetu kwenye gwaride, naye anayo hiyo ya Ayalandi. Ati, "Mzee, mtumikie kafiri upate mradi wako. Hii ni ya likizo tu." Kwa hiyo nyumbani kwangu sasa jikoni ni Ayalandi, sebuleni ni Uingereza, nami nikitaka chai sijui nani wa kunigongea muhuri. Mbwa bado hajatoa msimamo, lakini analala jikoni.

5. Hivyo naomba ifunguliwe foleni ya tatu kule Uhispania, ya Watiifu, yenye viti, chai ya maziwa, na wimbo wa Mfalme upigwe kwa sauti ya chini. Ikishindikana, watoto wachanga wote wa Uhispania wazuiwe kucheka mpaka foleni yetu iishe. Sidhani kama nimeomba makubwa.

Ubatizo wa Caleb ni Septemba, huko huko Uhispania. Norma ameapa hanisubiri tena. "Tutakutana kwenye keki," anasema. Aseme atakavyo, mimi sibadiliki.

Nisalimie wote hapo ofisini, mama watoto, na hata shemeji yako wa Dublin, ambaye binafsi sina ugomvi naye.

Wako mtiifu, kutoka mwisho wa mstari,
Wilbert Purdy

Tanbihi: Barua hii naomba usiichapishe. Fomu ya pasipoti ya Ayalandi inataka shahidi wa kutia saini nyuma ya picha, na shahidi ninayemwamini mimi ni Mchungaji Gault, anayetuombea kabla ya kila gwaride. Jana nilipitia mlango wake wa nyuma, kofia nimeivuta mpaka puani. Nikakuta foleni. Kundi zima la ngoma lipo, kila mtu anatazama viatu vyake. Mchungaji hata hakuniuliza shida yangu. "Karibu, Wilbert. Umechelewa, ila wino upo."

Nawe, Ndugu Mhariri, ulikuwa mbele yangu, umejifunika uso kwa gazeti lako mwenyewe, tena umelishika juu chini. Ile nayo ilikuwa foleni ndefu, lakini sikulalamika. Safari hii Caleb akicheka, nitakuwepo.