Asiyekitaka Kiti

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri mkuu wa kamusi yetu anastaafu Ijumaa. Kiti chake ni changu. Miaka kumi na tisa nameza vumbi la kadi za maneno katika chumba hiki, nani mwingine? Yule mwenzetu tunayemwita Miwani? Yule anayeweka kikombe cha chai juu ya herufi M?

Leo Mzee, ndiye huyo mhariri mkuu, amenipa neno paradoksi. Anataka maana, matumizi, na mfano uliotokea kweli. Mifano ya kubuni huitupa kapuni. Nimeandika: kauli au hali inayoonekana kujipinga, lakini ukiitafakari ina ukweli, hutumiwa kumshtua msikilizaji ili afikiri upya. Safi! Mfano sina.

Jumanne, 4 Machi
Ajabu! Wakati wa chai Mzee amesema kwamba anayekitaka kiti chake hafai kukikalia. Wenzangu wakacheka. Mimi nikaduwaa. Hiyo ndiyo paradoksi yenyewe! Basi nisikitake. Tena nisikitake hadharani, mpaka wanibembeleze. Nimemweleza mke wangu. Akaniita baba watoto kwa ile sauti anayoitumia nikishika nyundo, kisha akauliza kama nimekula.

Jumatano, 5 Machi
Nimesimama mbele ya wote na kutangaza kwamba kiti sikitaki, hata nibebwe mzobemzobe. Nikasubiri kubembelezwa. Mpiga chapa akapiga chafya. Mzee akanishukuru kwa kumrahisishia kazi, akatoa orodha mfukoni na kulikata jina langu kwa wino mwekundu. Lilikuwa la kwanza. La kwanza! Na hapakuwa na la pili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuata Mzee ofisini kurekebisha mambo. Nimemfafanulia kwamba kukataa kwangu kulikuwa namna ya kukubali. Akauliza: kwa hiyo nakitaka? Nikajibu kwamba nakitaka mno. Akasikitika. Akasema anayekitaka hafai, na asiyekitaka halazimishwi. Nikauliza atabaki nani basi. Akakiri kwamba hata yeye hajui, na kwamba mpaka jana hakuwa na tatizo hilo.

Nimerudi mezani kwangu. Nimetazama ukuta hadi saa ya kutoka. Mpiga chapa amenipa pole kama mfiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Wamempa Miwani! Wiki nzima hakuwapo. Alikuwa nyumbani akiuguza jino. Hakusema anakitaka, hakusema hakitaki. Shavu lilikuwa limevimba, hakuweza kusema lolote. Mzee ameusifu utulivu wake.

Kazi yake ya kwanza imekuwa kuipitia kadi yangu. Ameujaza mwenyewe ule mfano uliokosekana: mtu alikikosa kiti kwa kukikataa ili akipate. Amenihakikishia kwamba jina langu hatalitaja. Watu wa ofisi nzima wameusoma wakishika mbavu. Mke wangu naye amesema kwamba kwa mara ya kwanza ameielewa kazi yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani anatafuta naibu. Ametangaza kwamba anayetaka ajiandikishe kwake kabla ya saa sita. Hajajitokeza hata mmoja. Mpiga chapa amenisukuma kiwiko, akaninong'oneza kwamba nafasi iko wazi, niandike tu jina, mstari mmoja, yaishe.

Sikuandika. Simjui Miwani mimi? Huo ni mtego, anayetaka hafai. Saa tano na nusu nimepanda juu ya kiti na kutangaza kwamba unaibu siutaki. Safari hii nimepaza sauti zaidi. Jumatano hawakunisikia vizuri.

Sasa ni saa nane. Nasubiri wanibembeleze.